Karatasi ya Tukuyu Ikifika Ughaibuni: Nani Anakudhamini?

Chukua kijana yeyote wa Tukuyu. Kamaliza chuo na GPA yake 3.4, karudi nyumbani, mvua haikatiki, simu iko chaji muda wote akisubiri imeili. Kaaplai masta vyuo vitatu: kimoja Uingereza, kimoja Ujerumani, kimoja Marekani. Transkripti ni ile ile, barua za walimu ni zile zile. Uingereza wanamwambia hapana. Ujerumani hapana. Marekani wanamwita. Kuanzia Kawetele mpaka Makandana stori ni moja: vile viwili karogwa, hiki kimoja kaombewa.

Hapo hakuna uchawi wala muujiza. Kuna historia, tena ndefu kuliko watu wanavyodhani. Na anayeijua hawezi kulala njaa kwa sababu ya imeili moja.

Mwalimu wa kwenye noti ya buku

Stori inaanza na mtu ambaye hahitaji kutajwa jina. Sura yake iko kwenye noti ya buku, kila mtu kaishika.

Mwaka 1943 aliingia Makerere, akatoka na diploma ya ualimu, akaenda kufundisha St Mary's Tabora. Wakati huo kwa Mwafrika wa huku kwetu, Makerere ndo ilikuwa juu kabisa. Hakuna pengine pa kwenda. Lakini Makerere yenyewe ilikuwa bado haitoi digrii.

Mwaka 1949 akaenda Uingereza, akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hakuingia kama mtu wa uzamili, aliingia kusoma digrii ya kwanza, na wenzake wengi walikuwa wametoka sekondari juzi tu. Mtu mzima, mwalimu aliyeshafundisha wengine. Kule Scotland, diploma iliyokuwa kilele cha elimu Afrika Mashariki haikuhesabika kuwa digrii.

Mwaka 1952 akahitimu na M.A. Mpaka leo mtaani watu wanasema "mzee alichukua masta Edinburgh". Kumbe kwenye vyuo vikongwe vya Scotland, M.A. ya masomo ya sanaa ndiyo digrii ya kwanza. Jina linasomeka masta, uzito wake ni digrii.

Hilo ndo somo la kwanza. Jina lililoandikwa juu ya karatasi halivuki mpaka peke yake. Kinachovuka ni kile ambacho mtu wa upande wa pili anajua kuhusu hiyo karatasi.

Enzi za mdhamini mzungu

Rungwe ilipata shule za misheni mapema. Wamoravian walifika mwaka 1891 na kujenga kituo chini ya Mlima Rungwe, na Wamisheni wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo. Shule zikafuata. Kwa mtoto wa misheni, barua ya mchungaji ilikuwa na nguvu kuliko cheti: inasema huyu namjua, ana akili, ana tabia njema, mpokeeni. Aliyeipokea hakumjua mtoto. Alimjua mchungaji.

Baadaye aliyefika sekondari alikutana na mdhamini mkubwa zaidi: Cambridge. Mitihani ya Cambridge ndiyo iliyotumika Tanganyika ya Mwingereza. Kijana anaweza kuwa ametoka Mwakaleli kwa miguu, lakini cheti chake kina jina la Cambridge. Akikipeleka London hakuna anayeuliza Mwakaleli iko wapi. Wanajisomea cheti chao wenyewe.

Chuo kikuu nacho kilianza hivyo hivyo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa na wanafunzi wachache wa sheria, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Katika miaka hiyo ya mwanzo, mtu wa Dar aliyetaka uzamili Uingereza alikuwa na karatasi ambayo Mwingereza anaielewa kabla hajafungua bahasha.

Halafu nchi ikaamua kujidhamini yenyewe. Mwaka 1970 Mlimani ikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa kwenye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda NECTA. Ulikuwa uamuzi wa heshima. Haiingii akilini nchi huru mitihani yake isimamiwe na watu wa ng'ambo.

Ila heshima ina bei. Kuanzia hapo karatasi ya Mtanzania ikawa yake kweli, na ikabidi ijieleze yenyewe kwa kila mgeni.

Moscow nao walikuwa na utaratibu wao

Sio wote walipitia njia ya Mwingereza. Mwaka 1960 Wasovieti walifungua chuo Moscow kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata wakakipa jina la Patrice Lumumba. Pale hakuna aliyekuuliza Kiingereza chako kikoje. Walikupa mwaka wa maandalizi, unafundishwa Kirusi kwanza, ndipo unaingia darasani. Wengine wanakupima lugha kabla hujaingia. Hawa walikufundisha ukishaingia.

Na huko nako jina lilidanganya. Wasovieti waliita karatasi yao ya kuhitimu "diploma", hata kama mtu kakaa darasani miaka mitano. Kwa Bongo diploma iko chini ya digrii. Kwa hiyo ukiangalia, wa Edinburgh karatasi yake ilisomeka kubwa kuliko ilivyo, wa Moscow yake ilisomeka ndogo. Kote kulihitajika mtu wa kutafsiri uzito.

Leo mdhamini ni mashine

Sasa turudi kwa kijana wa 3.4. Karatasi yake ilipitia wapi?

Swali la kwanza la vyuo vyote watatu sio "una akili kiasi gani?" Ni "chuo ulichosoma kinatambulika?" Wajerumani wana hifadhi ya data inaitwa anabin. Humo vyuo vya dunia vina alama: H+ maana yake kinatambulika, H- hakitambuliki, na kuna H+/- kwa wale ambao lazima waangaliwe zaidi. Waingereza wana UK ENIC, zamani ikiitwa NARIC. Marekani hakuna ofisi moja ya serikali ya kazi hiyo. Kuna mashirika binafsi kama WES, iliyoanzishwa New York mwaka 1974. Barua ya mchungaji imegeuka kuwa mstari mmoja kwenye kompyuta.

Swali la pili ni alama, na hapa ndo pana moto. Kwa vyuo vya Tanzania GPA inaishia 5. Daraja la kwanza ni 4.4 kwenda juu, daraja la pili la juu ni 3.5 mpaka 4.3, la pili la chini ni 2.7 mpaka 3.4, na ufaulu wa kawaida unaanzia 2.0.

Vyuo vingi vya Uingereza vinataka daraja la pili la juu, na kwa Mtanzania wengi wanasoma hiyo kuwa 3.5. Kijana ana 3.4. Pointi sifuri nukta moja, na mlango umefungwa.

Wajerumani wana fomula, wanaiita ya Bavaria. Kwao 1 ni bora kabisa na 4 ndo mwisho wa kufaulu. Unachukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, unatoa alama yako. Jibu unaligawa kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu. Kisha zidisha kwa 3, jumlisha 1. Mwenye 3.5 anapata: 5 kutoa 3.5 ni 1.5, gawanya kwa 3, zidisha kwa 3, jumlisha 1, inatoka 2.5. Programu nyingi zinaweka mstari hapo hapo kwenye 2.5. Mwenye 3.4 anapata 2.6. Tena kabaki nje kwa sifuri nukta moja.

Marekani ndo pagumu kuelezea. Wao GPA yao inaishia 4. Ukigawa kwa haraka haraka, 3.4 ya kwetu inakuwa 2.7 ya kwao, na vyuo vingi vinataka 3.0. Lakini tathmini ya kina haigawi hivyo. Inachukua somo moja moja na kuangalia lile somo lilipata nini, kwa mfumo gani. Na mfumo wetu una siri: kwenye vyuo vingi vya Bongo, 70 ni A. Asiyejua akiona 65 anadhani mtoto kaponea chupuchupu. Anayejua anaona B+. Ndo maana ule ufunguo wa alama, yale maandishi madogo kwenye transkripti ambayo watu hawayasomi, unaweza kukuokoa. Ukiskani, skani kurasa zote.

Halafu wanaangalia masomo yenyewe: ulisoma nini kinachoendana na unachoomba? Mwenye 3.4 ila takwimu na utafiti kapiga A anaweza kumpita mwenye 3.7 aliyesoma vitu vingine kabisa. Profesa wa idara anataka mtu atakayeiweza kazi ya darasani kwake, basi. Ndo maana barua ya mwalimu inayosema "alikuwa mwanafunzi mzuri na mwenye nidhamu" haina kitu. Inayosema alifanya utafiti gani, alikwama wapi na akatokaje, hiyo inasomwa mara mbili. Kumbe barua ya mchungaji haijafa. Imebadilisha maneno tu.

Na kuna jambo linalowaliza watu kimya kimya: majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cha form four lingine, pasipoti ya tatu. Kwetu Rungwe majina ya ukoo yanaanza na Mwa-, na kila karani anayaandika anavyosikia. Herufi moja ikipotea, mtu wa ofisi ya ughaibuni hajui kwamba huyo ni yule yule. Rekebisha mapema, kiapo mahakamani kiwe tayari kabla hujaaplai.

Je, wanatenda haki?

Hapana, sio kila mara. Fomula haijui kwamba mmoja alisapu somo muhula ambao alikuwa anauguza mama, au kwamba bumu lilichelewa na akasoma kwa madaftari ya wenzake. Haijui kwamba kufanya mtihani wa Kiingereza kama IELTS, kwa mtu wa Tukuyu, kwa miaka mingi kulimaanisha nauli ya basi mpaka Dar, siku nzima barabarani, na pa kulala ukifika. Alama ya mtihani ni ile ile, gharama ya kuifikia sio ile ile.

Kwenye mpira ni rahisi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walibeba ubingwa wa Bara, na goli la Tukuyu lilihesabiwa sawa na goli la Dar. Hakukuwa na fomula ya kuligeuza. Kwenye karatasi za chuo, goli lako linahitaji mtu wa kulieleza.

Ila karatasi yetu inavuka, ushahidi upo nyumbani. Kuna mwanamke mzaliwa wa Rungwe, naye hana haja ya kutajwa. Alisoma sheria Mlimani, digrii ya kwanza akamaliza 2001, uzamili hapo hapo 2003. Hakuondoka kwa ajili ya masta. Kwa karatasi hizo za Bongo akaingia Chuo Kikuu cha Cape Town, akatoka na PhD mwaka 2007. Mwaka 2022 akawa Spika wa Bunge, na Oktoba 2023 akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Kuna watu wanadharau masta ya nyumbani. Wamuulize yeye.

Na yule kijana wa 3.4? Vyuo viwili vilivyomkataa havikusema hana akili. Vilisema karatasi yake imeangukia upande wa pili wa mstari, na mstari ule umechorwa na watu ambao Tukuyu hawajawahi kuisikia. Cha tatu kilifungua transkripti, kikaangalia somo moja moja, kikakuta mtu.

Mwalimu wa kwenye noti ya buku naye aliambiwa diploma yake haitoshi, arudi mwanzo. Akarudi mwanzo. Yaliyofuata yanajulikana.

Swali la wadau: herufi gani kwenye jina lako iliyokusumbua, na uliirekebishaje? Andika hapo chini, kuna mdogo wako yuko Kiwira sasa hivi anaskani vyeti na hajui pa kuanzia.