Utazamaji wa Ndege Wahamaji, Central Park

Central Park ni bustani ya umma ya hekta 341 huko Manhattan, jijini New York, Marekani, inayosifika kwa ndege wahamaji. Kati ya Agosti na Novemba, ndege wengi waliozaliana kaskazini husafiri usiku kuelekea kusini. Kunapopambazuka, hutua bustanini kula na kupumzika. Watazamaji huwafuata kwa darubini katika Ramble, eneo lenye miti mingi na kijito. Miongoni mwa ndege hao ni Setophaga striata, ndege wa gramu 12 hivi, ambaye hula wadudu na kunenepa kabla ya kuvuka Atlantiki hadi Amerika Kusini. Ndege wahamaji wengi hufa kwa kugonga vioo vya majengo. Mwaka 2019 Baraza la Jiji lilipitisha sheria inayotaka majengo mapya yatumie vioo vinavyoonekana na ndege.