Vita vya Askari wa Kawaida: Simulizi ya Baba Mdogo

Darasani vita vya Burundi vina tarehe. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, Buyoya akarudi madarakani kwa mapinduzi Julai 1996, Mkataba wa Arusha ukatiwa saini Agosti 2000, na CNDD-FDD ikaafikiana na serikali mwaka 2003. Nilipomsomea baba mdogo orodha hiyo nyumbani kwetu Buyenzi, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na njaa ya Kibira umeiandika wapi?"

Alikuwa mpiganaji wa FDD asiye na cheo. Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje.

Mwaka 1995, jeshi lilipoingia Kamenge na wakazi Wahutu wakakimbia, alikuwa na miaka 17. Aliogopa kuuawa kwa kabila lake, hilo hakatai. Lakini anasema hakuwa na chama. Aliwafuata vijana wa mtaani kwa sababu wao walijua njia ya kupanda milimani.

Kwanza hakupewa bunduki. Alibeba magunia ya maharage, masanduku ya risasi na majeruhi. Msitu wa Kibira uko juu sana, usiku una baridi, na mvua yake haina huruma. Kuhusu mapigano alisema machache. Kuhusu viatu alizungumza karibu saa nzima: nani alikuwa na buti za mpira, nani alizirithi kwa maiti, nani aliachwa nyuma kwa ajili ya kidonda cha mguu.

Nikamuuliza chakula kilitoka wapi. "Tuliwaomba wakulima usiku, bunduki mkononi. Huko si kuomba, mwanangu." Asubuhi wanajeshi walifika kwa wakulima haohao kuuliza nani amewalisha waasi.

Upande wa pili nilisimuliwa na jirani yetu, Mtutsi, aliyekuwa askari wa kawaida wa FAB. Yeye alikuwa na mshahara na viatu, na hofu yake ilikuwa barabara ya Bugarama, ambako magari yaliviziwa kwenye kona. Mwaka 1999 alilinda kambi mojawapo kati ya zile ambamo serikali iliwakusanya kwa nguvu watu zaidi ya 300,000 wa Bujumbura Vijijini. Anawakumbuka akina mama walioomba ruhusa ya kwenda kuchimba mihogo katika mashamba yao wenyewe. Amri ilikuwa kukataa. Mara nyingine alikataa, mara nyingine aligeuka akatazama kwingine.

Mwalimu wetu hutuonya kwamba ndugu ni chanzo kigumu cha historia, na nimeona ukweli wake. Baba mdogo alisisitiza kwamba kundi lao halikuwa na watoto. Jirani alisema aliona maiti za wavulana wenye silaha, na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba jeshi lake nalo lilikuwa na vijana wadogo wa kubeba mizigo na kupeleleza, walioitwa doriya. Nilirudi kwa baba mdogo nikamkumbusha umri wake wa mwaka 1995. Alinyamaza. Halafu akasema, "Mimi sikuwa mtoto."

Nimeyaacha maneno yake kama yalivyo, ingawa siyaamini.

Arusha ilikubaliwa kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi, na jirani akabaki katika jeshi jipya mpaka alipostaafu. Baba mdogo alirudishwa uraiani. Fedha zilikuja kwa mafungu. La kwanza lilinunua baiskeli ya kubebea abiria, mengine hakumbuki yalikwenda wapi. Leo wawili hawa hucheza karata pamoja jioni. Swali la kama aliua nilimuuliza mara moja tu, akajibu kwamba usiku huoni uliyempiga.

Kabla ya kuwasilisha insha hii nilimsomea yote. Sehemu ya watoto hakuigusa. Alisahihisha jambo moja: nilikuwa nimeandika kwamba alibeba mizigo miezi sita kabla ya kupewa bunduki. Ilikuwa tisa.