Shampeni ya Wachina na zabibu zetu za Dodoma

Kuna ndugu kaniuliza kama Wachina nao wana shampeni yao au wanajua chai tu. Jibu lina historia ndefu, tena inaanzia mkoa huu huu.

Kwanza jina. Shampeni yenyewe inatoka Champagne, Ufaransa, na tangu 2013 jina hilo linalindwa kisheria hata hapa China. Nyingine zote ni mvinyo wenye gesi. Kwa ule mzuri gesi haipulizwi kama ya soda. Mvinyo unatiwa sukari kidogo na hamira, chupa inazibwa, unachacha mara ya pili humo humo ndani.

Sasa historia. Mwaka 1841 alizaliwa Zhang Bishi huko Dabu, mkoa wa Guangdong, ambao makao makuu yake ni hapa Guangzhou. Akiwa kijana alikwenda kutafuta maisha Batavia, siku hizi Jakarta. Biashara ikamkubali hasa. Jumba lake la rangi ya buluu bado liko Penang, Malaysia, watalii wanalipiga picha.

Angeweza kuishia kwenye majumba. Lakini mwaka 1892 alirudisha pesa kwao akaanzisha kiwanda cha mvinyo cha Changyu, mjini Yantai, upande wa kaskazini. Miche aliagiza Ulaya. Mingi ikafa, hakukata tamaa. Mwaka 1915 Changyu ikapata medali za dhahabu kwenye maonyesho ya San Francisco. Mzee akafariki 1916, kampuni ipo mpaka leo.

Mvinyo wenye gesi ulipata nguvu baadaye sana. Miaka ya 2010 Wafaransa wa Chandon walijenga kiwanda Ningxia, wakatumia zabibu zile zile za Champagne: Chardonnay na Pinot Noir. Ningxia kuna baridi kali mno, hivyo kila mwaka wakulima wanaifukia mizabibu ardhini, kisha wanaifukua baridi ikiisha. Jamani, hiyo ni kazi!

Unaliwa na nini? Hapa unakwenda vizuri na har gow, vile vifurushi vidogo vya unga vyenye kamba ndani, vinavyopikwa kwa mvuke. Pia bata bukini wa kuchoma, kwa sababu uchachu wake unakata mafuta mdomoni. Huko nyumbani ningeuweka na sambusa, pweza au samaki wa kukaanga.

Sasa tujiulize. Dodoma hakuna mizabibu ya kufukia. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Kituo cha utafiti kipo Makutupora. Na Chenin Blanc, ambayo Wafaransa wa bonde la Loire na Waafrika Kusini wanatengenezea mvinyo wenye gesi, tayari inalimwa pale. Bado wakulima wetu wanalia soko, na harusini tunafungua chupa za kutoka nje.

Sisi tulioko huku tunatuma kontena za bidhaa kila kukicha. Zhang Bishi naye alikuwa mhamiaji kama sisi, ila yeye alituma kiwanda. Hapo ndipo mimi ninapojifunza.

Bibi, usiogope, mjukuu wako bado anakunywa chai. Tuko pamoja!