Neno la Nafsi ya Kwanza: Kichekesho cha Ellen na Msamiati wa Kiswahili



Nilipoalikwa kuzungumza hapa Moshi kuhusu Kiswahili na televisheni, nadhani waandaaji walitarajia niwalalamikie watangazaji wanaochanganya /r/ na /l/. Malalamiko hayo ninayo, lakini nitayaweka akiba. Leo ninakusudia kuchunguza sentensi moja fupi iliyotamkwa katika kichekesho cha Kimarekani mwaka 1997, na kueleza kwa nini mimi, niliyefundisha isimu na tafsiri kwa miaka mingi, sijaweza kuitia katika Kiswahili bila kuiharibu.

Tarehe 30 Aprili 1997 shirika la utangazaji la ABC lilirusha sehemu ya mfululizo ulioitwa Ellen. Mhusika mkuu, Ellen Morgan, mwenye duka la vitabu, amemfuata mwanamke aitwaye Susan hadi uwanja wa ndege ili amwambie jambo ambalo hajawahi kulisema tangu mfululizo uanze. Anaanza na kukatiza, anazunguka mbuyu, na mwishowe, akiwa ameinama juu ya meza ya wahudumu, anatamka kwamba yeye ni mtu wa kupenda wanawake. Hakuona kwamba kipaza sauti cha uwanja kilikuwa mbele ya mdomo wake. Abiria wote wakasikia. Walisikia pia watazamaji wapatao milioni 42. Mwigizaji mwenyewe, Ellen DeGeneres, alikuwa amelisema jambo hilohilo juu ya nafsi yake majuma machache kabla, katika jalada la jarida la Time. Kituo kimoja cha Birmingham, jimbo la Alabama, kilikataa kuirusha sehemu hiyo, na watu wa huko wakakodi ukumbi ili waitazame kwa setilaiti. Mwaka uliofuata mfululizo ulisitishwa.

Jambo moja la kihistoria halina budi kutajwa. Mfululizo huo ulianza mwaka 1994 kwa jina la These Friends of Mine, yaani hawa rafiki zangu, kabla ya kubadilishwa jina. Naomba mliweke akilini neno hilo rafiki. Mwaka huohuo wa 1994 ndipo Tanzania Bara ilipopata televisheni. Zanzibar walikwisha kututangulia tangu 1973, tena kwa picha za rangi. Sisi wa Bara tulibaki na redio hadi vituo binafsi viliporuhusiwa. Kimojawapo, ITV, kilianzishwa na marehemu Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, si mbali na ukumbi huu. Vichekesho vya Kiswahili vikafuata, na baadaye likaja kundi la Ze Comedy. Katika vichekesho vyetu wanaume wamevaa kanga na kuigiza wanawake, na watazamaji wakacheka hadi machozi. Lakini mwanamume aliyevaa kanga jukwaani hasemi "mimi ni". Anaonekana, anachekwa, basi.

Tujaribu sasa kutafsiri. Kauli ya Ellen Morgan ina kiwakilishi cha nafsi ya kwanza, kitenzi kishirikishi, na kivumishi kimoja. Kivumishi hicho zamani kilimaanisha "mchangamfu", na wahusika wenyewe ndio waliokishika na kujiita kwacho. Kiswahili kinatupa nini? Kinatupa msagaji, nomino ya mtenda kutokana na kitenzi saga, yenye kutaja kitendo, tena kwa kejeli. Kinatupa basha, neno linalotaja nafasi ya mmoja katika jozi. Kinatupa hanithi, mkopo kutoka Kiarabu, wenye ndugu yake khanith huko Oman, ambaye Unni Wikan aliandika habari zake mwaka 1977 kutoka mji wa Sohar. Katika Kiswahili neno hili limebeba pia maana ya mwanamume asiye na nguvu za kiume. Msenge ni tusi na sina haja ya kulieleza mbele ya wageni. Yote haya ni maneno ya kumsemea mtu asiyekuwepo, au ya kumtupia aliyepo.

Linabaki neno shoga, na hapa naomba tukae kidogo. Mwanamke akimwambia mwenziwe, "Shoga, umesikia ya jana?", anamwita kwa mapenzi, vijana wa mjini siku hizi husema shosti. Akisema, "Huyu ni shoga yangu", bado tuko salama, kwa sababu kimilikishi kinaifunga maana ndani ya urafiki. Ondoa kimilikishi, mwelekezee mwanamume kidole, sema "yule ni shoga", na neno lilelile linageuka kuwa shtaka. Kwa hiyo neno hili ni tamu katika nafsi ya pili, ni hatari katika nafsi ya tatu, na katika nafsi ya kwanza, bila kimilikishi, halina makao. Tena msemaji akiwa mwanamke, kama alivyo Ellen Morgan, "mimi ni shoga" inazua kizaazaa kingine: msikilizaji wa Tanga atauliza, "Shoga wa nani?" Kichekesho kingepatikana, ila si kile kilichoandikwa.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya yaliletwa Afrika Mashariki na televisheni. Mwanaisimu hawezi kukubali, kwa sababu msamiati uliitangulia antena. Gill Shepherd alichapisha utafiti wake juu ya Mombasa mwaka 1987, Tanzania Bara ikiwa bado haina televisheni; Deborah Amory akafuata mwaka 1998 na makala kuhusu mashoga na mabasha wa Pwani. Wote wawili walieleza watu waliofahamika mitaani mwao. Mtaa ulijua, na mtaa ulikuwa na jina la kuwaitia. Kilichokuja na kichekesho cha mwaka 1997 si jambo wala jina, bali ni mtu kujisemea mwenyewe kwa sauti.

Tofauti hii ya kujua na kusema ina mfano wa kale hapa mlimani. Natanguliza tahadhari: mfano huu hauhusiani na mapenzi ya jinsia moja, na sitaki mtu aondoke akidhani nimesema hivyo. Vijana wa Kichaga waliopitia mafunzo ya ngasi walifundishwa kudai kwamba mwanamume aliyekamilika haendi tena haja kubwa. Otto Raum, mwana wa ukoo wa wamisionari, alilieleza jambo hili katika Chaga Childhood ya mwaka 1940, na Sally Falk Moore akalichambua upya katika jarida la Africa mwaka 1976. Ajabu yenyewe haimo katika uongo huo. Ajabu ni kwamba wasichana katika mafunzo yao ya shija waliambiwa ukweli, kisha wakaagizwa waufiche. Wanawake walijua, wanaume wakadai, na pande zote mbili zikaishi miaka na miaka juu ya makubaliano ya kutosema. Nimewahi kuwasikia vikongwe wa Old Moshi wakiligusia jambo hili huku wamefunika midomo kwa kanga, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Kauli ya Ellen Morgan ilikuwa na kazi ya aina hiyo. Haikumpa mtu maarifa mapya. Watazamaji na magazeti walikwisha kukisia kwa miezi kadhaa, na sehemu yenyewe ilibatizwa The Puppy Episode, habari ya kijibwa, ili kuficha yaliyomo. Kilichovunjwa ni makubaliano. Kwa hiyo mfasiri hatafuti kisawe tu. Anatafuta tendo la usemi. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya tendo hilo, karibu vyote vikibeba kiambishi -ji-: kujitangaza, kujianika, kujifichua, kujitokeza. Sikilizeni sauti zake. Anayejitangaza anatafuta sifa, kama anayejidai na anayejiona. Anayejianika amejiweka juani kama nguo. Ni kujitokeza pekee kunakobeba heshima, kwa kuwa anayejitokeza ameitikia wito. Wapo waandishi waliojaribu "kutoka kabatini", tafsiri sisisi ya nahau ya Kiingereza. Kwa masikio yangu, anayetoka kabatini ni mende.

Je, Kiswahili hakiwezi kumpa mtu sentensi ya kujisemea jambo zito? Kinaweza, na wakazi wa mkoa huu wamekishuhudia kikifanya hivyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Majina ya mitaani yalizuka upesi: Juliana, ngoma, umeme, na nahau ya kukanyaga waya. Yote yalikuwa ya nafsi ya tatu. Ni yule aliyekanyaga waya, si mimi. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alijitokeza hadharani na kusema kwamba anao ugonjwa, na akafariki kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1990 kikaundwa hapa Moshi KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro cha kupambana na UKIMWI. Kuanzia 1993 Redio Tanzania ikarusha mchezo wa Twende na Wakati, ambamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju alitufundisha kwa kuanguka kwake.

Katika miaka hiyo na iliyofuata, lugha ilitembea. Tulisema mwathirika, nomino inayomfanya mtu kuwa mabaki ya ajali. Kisha tukasema anayeishi na virusi, na kutokana na hapo ikawezekana kusema, "Ninaishi na virusi vya UKIMWI." Tazameni sarufi yake: kiima ni mimi, kitenzi ni kuishi, na ugonjwa umewekwa nyuma ya kihusishi na, kama mwenza wa safari asiyependwa. Ni sentensi iliyosanifiwa vizuri kuliko istilahi nyingi zilizopitishwa na kamati ambazo mimi mwenyewe nimekaa. Ilikomazwa na watu waliosimama mbele ya majirani zao wakaisema, sauti ikitetemeka.

Mtaniuliza kwa nini njia hiyohiyo haikufuatwa katika jambo tulilo nalo. Jibu moja ni la kisheria. Virusi si kosa la jinai. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kutoka kwa Waingereza, kinaadhibu kuingiliana kinyume cha maumbile, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliipandisha adhabu hadi kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Sheria inaadhibu tendo, haiadhibu kauli. Lakini ni nani atakayeisema kauli inayosikika kama ukiri? Badala ya sentensi ya nafsi ya kwanza tumepata orodha, nayo orodha ni umbo la nafsi ya tatu. Gazeti moja la Uganda lilichapisha majina na picha mwaka 2010. David Kato, mmoja wa waliotajwa, alishtaki akashinda, na Januari 2011 aliuawa. Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wampelekee majina. Serikali ikaeleza kwamba huo ulikuwa msimamo wake binafsi. Sikuja hapa kuamua mambo ya dini na maadili, ambayo kila mmoja wenu ana mwalimu wake. Nasema tu kwamba watu walioandikwa katika orodha hizo hawakuwa na neno lao wenyewe la kuweka mahali pa lile walilopewa.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu. Januari 2014 Binyavanga Wainaina alijisema katika insha aliyoielekeza kwa marehemu mama yake, na kila ninapoisoma naona kwamba nguvu yake imo katika kumwita mama, kwa nafsi ya kwanza na ya pili bila ya tatu kuingilia kati. Aliandika kwa Kiingereza. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu alitoa filamu ya wasichana wawili wa Nairobi wapendanao, akaipa jina la Kiswahili: Rafiki. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mahakama Kuu ikaiachia kwa siku saba mwezi Septemba, na watu wakajaa sinema. Neno rafiki ndilo ambalo wapenzi wa namna hiyo hutambulishwa kwalo mbele ya wazazi. Hivyo kutoka hawa rafiki zangu wa mwaka 1994, kupitia shoga wa kina mama wa Pwani, hadi Rafiki ya Nairobi, tumerudi katika uwanja ule ule wa maana. Urafiki ndio mlango ambao lugha imeuacha wazi.

Ninamalizia na kamusi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kamusi zetu kwa kawaida huorodhesha maana mbili za shoga, moja baada ya nyingine, kana kwamba zinasemwa na watu walewale kwa sauti ileile. Ninapendekeza kidahizo hiki, pamoja na hanithi, msenge na msagaji, viwekewe alama za matumizi: nani humwita nani, kwa kimilikishi au bila kimilikishi, kwa mapenzi au kwa tusi. Tumefanya hivyo kwa maneno ya heshima na ya kitoto. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kuyaacha haya.

Wanafunzi wangu wa tafsiri nimewapa sentensi ile zaidi ya mara moja. Wengi huandika shoga, wakafuta. Mmoja aliandika "Ndivyo nilivyo", akaacha hapo. Mwingine, aliyekaa nyuma ya darasa, hakuandika kitu. Aliinua mkono akauliza kama katika tafsiri yake kipaza sauti nacho kiwe kinawaka.