Herpesi si maradhi ya aina moja

Baada ya Idi nilimpeleka shangazi yangu kliniki moja ya Hurlingham, Nairobi, kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Alikuwa na malengelenge yanayowaka moto upande mmoja wa kifua. Daktari akasema ni herpesi zosta. Tulipotoka shangazi akaninong'oneza: "Mwanangu, mimi mjane mwaka wa kumi huu. Maradhi ya zinaa nimeyatoa wapi?"

Hakuyatoa popote. Herpesi ni ukoo wa virusi, na vinavyompata binadamu ni aina nane. Vikishaingia mwilini havitoki. Hulala, kisha huamka kinga ikishuka. Hivi ndivyo vya kujua zaidi.

Aina ya 1. Huleta malengelenge midomoni. Wengi huipata utotoni kwa mate na kubusiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo. Yaweza pia kufika sehemu za siri.

Aina ya 2. Hii ndiyo ya kujamiiana, na huambukiza hata pasipo kidonda. Uchunguzi wa kitaifa wa UKIMWI wa 2007 ulikuta Wakenya wapatao 35 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 64, wanayo. Hurahisisha kuambukizwa VVU. Mjamzito amwambie mkunga, maana mtoto aweza kuambukizwa akizaliwa.

Tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Kirusi ni kimoja. Tetekuwanga ikipona, hubaki kimelala kwenye mishipa ya fahamu, na miaka mingi baadaye hutokea kama mkanda. Ndicho cha shangazi. Daktari aweza kushauri kipimo cha VVU, lakini uzee peke yake huuleta.

Epstein-Barr. Huhusishwa na saratani ya taya ya watoto, aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958.

Dawa ya asaiklova haiviui virusi hivi, ila hupunguza makali. Kwa mkanda wa jeshi, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Ukitokea karibu na jicho, usingoje hata siku moja.

Shangazi alificha siku tano chini ya kanga, akipaka mshubiri, kwa kuogopa maneno ya watu. Vidonda vimekauka, lakini maumivu bado yamo.

Basi ukiambiwa herpesi, uliza ni ipi. Na ukisikia jirani anayo, msitiri.