Sendika: faida zake, hatari zake, na wajibu wa Kanisa

Hapa Goma, neno «sendika» husikika zaidi mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Mtoto anatumwa shuleni na daftari mpya, kisha anarudi nyumbani mapema kwa sababu waalimu wamegoma. Mzazi anakasirika. Mwalimu naye ana watoto wake, na mshahara hautoshi. Siku ya Yenga wote wawili wanaketi katika kanisa moja. Kwa hiyo ni vizuri tuelewe sendika ni nini, inasaidia wapi, na inaweza kuumiza wapi.

Sendika na sheria

Sendika ni chama cha wafanyakazi wanaoungana ili kutetea mshahara wao, usalama wao kazini na heshima yao. Si chama cha siasa, wala si likelemba. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 38, inampa kila Mkongomani uhuru wa kuunda sendika au kuingia ndani yake. Kifungu cha 39 kinatambua haki ya kugoma, lakini sheria inaweza kuiwekea mipaka katika mambo ya ulinzi na usalama wa taifa na katika kazi za lazima kwa maisha ya watu.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mfanyakazi yuko huru kuingia katika sendika na kutoka. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu hiyo. Mgomo ni hatua ya mwisho. Kwanza pande mbili zinazungumza, kisha zinapatanishwa mbele ya inspekta wa kazi. Mtumishi wa Serikali ana sheria yake nyingine, lakini uhuru wa kuungana ni wake pia.

Tulikotoka

Haki hii haikupatikana kwa urahisi. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kule Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakidai nyongeza ya mshahara, askari waliwapiga risasi na makumi wakafa. Waafrika waliruhusiwa kuwa na sendika zao mwaka 1946 tu. Mwaka 1967, chini ya Mobutu, sendika kubwa tatu ziliunganishwa kuwa moja, nayo ikafungwa pamoja na chama cha Serikali. Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 mlango ulifunguka, na sendika nyingi zikazaliwa.

Faida

Faida ya kwanza ni sauti. Mwalimu mmoja wa Masisi au Rutshuru hawezi kufika mbele ya waziri, lakini waalimu wote kwa pamoja wanasikilizwa. Tuchukue mfano wa masomo ya bure ya shule za msingi, yaliyoanza Septemba 2019. Tangu miaka ya 1990, wazazi ndio waliokuwa wakitoa «prime» ili mwalimu aishi. Prime hiyo ilipoondolewa, mwalimu alibaki na mshahara wa Serikali peke yake. Na wale wanaoitwa NU na NP, wanaofundisha bila kuwekwa kwenye orodha ya malipo, walibaki mikono mitupu. Sendika kama SYECO na SYNECAT ndizo zilizopeleka kilio chao kwenye meza ya Serikali.

Faida ya pili ni utaratibu. Pasipo mjumbe wa wafanyakazi, malalamiko hugeuka kuwa manung'uniko ya pembeni, na siku moja yanalipuka. Hata mwajiri anapata mtu wa kuzungumza naye.

Hatari

Hatari ya kwanza ni kwamba mgomo huumiza asiye na kosa. Mwezi wa Oktoba 2021, shule zilipofunguliwa, waalimu wengi waligoma. Mtoto wa tajiri aliendelea katika shule ya binafsi, wa maskini akakaa nyumbani. Katika hospitali jambo hilo ni zito zaidi, maana mgonjwa hawezi kungoja.

Ya pili ni viongozi kununuliwa, au kutumia sendika kama ngazi ya kupandia siasa. Sendika zikiwa nyingi mno, ni rahisi kuzigawanya. Ya tatu ni ahadi hewa. Mapatano ya Mbudi, Kinshasa, ya Februari 2004, yalipanga mishahara ya watumishi wa Serikali, lakini hayakutekelezwa jinsi yalivyoandikwa. Tena, tangu vita vilipofika mjini mwetu Januari 2025 na mabenki kufungwa, tumeona jinsi ilivyo vigumu kwa mfanyakazi wa Goma kutetewa na meza iliyo mbali naye.

Kanisa linasimama wapi?

Wengine husema Mkristo hapaswi kudai, wakitaja Luka 3:14. Lakini pale Yohana alikuwa anawakataza askari kunyang'anya watu mali. Hakuwa anamnyamazisha mfanyakazi aliyedhulumiwa. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza kibarua alipwe kabla ya jua kutua, na Yakobo 5:4 inaonya kwamba mshahara uliozuiliwa unamlilia Mungu. Wakolosai 3:23 inamfundisha mfanyakazi kutumika kwa moyo, na 4:1 inamfundisha bwana kutenda haki. Maneno hayo yote yanakwenda pamoja.

Na sisi si watazamaji. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa, jumuiya zetu zinasimamia shule nyingi, na zina hospitali pia. Maana yake, wauguzi, walinzi na makarani wengi wanaliita Kanisa «mwajiri». Hatuwezi kuhubiri haki ya mishahara ya Kinshasa na kuogopa mjumbe wa wafanyakazi katika ofisi yetu.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, kabla ya kuingia katika sendika uliza mambo matatu: viongozi wanachaguliwa namna gani, mchango unahesabiwa mbele ya nani, na mgomo unaamuliwa na nani? Nawe mzazi, mwalimu akigoma, uliza kwanza amekaa miezi mingapi bila malipo. Nawe kiongozi wa parokia, wa shule au wa hospitali, waite watumishi wako mezani kabla hawajalazimika kugoma, na uwaonyeshe hesabu. Pale ambapo fedha kweli hazipo, hesabu iliyo wazi huzuia magomvi mengi. Pale ambapo zipo, mtumishi alipwe.