Wana wawili wa Bukoba

Haya wandugu, kuna ubishi mmoja ambao kila nikikaa na rafiki zangu lazima uzuke: eti Ukristo ni dini ya Wazungu, basi. Nami nilikuwa nasema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Nina sababu. Bibi yangu mzaa baba mpaka anafariki alikuwa anaona haya kutaja jina alilopewa na wazee wake, maana siku ya ubatizo aliambiwa ni la kipagani.

Kisha nikatumwa Bukoba kuandika habari za bei ya kahawa. Nikiwa na muda wa kupoteza nikaingia Kanisa Kuu la Wakatoliki, nikajikuta nimesimama kwenye kaburi la Kadinali Laurean Rugambwa. Alifariki 1997, akazikwa kwanza Kashozi, mwaka 2012 akahamishiwa hapo. Tangu siku ile nimekuwa nasoma, na ubishi wangu umepungua sauti.

Hebu tuanze mwaka 1910. Wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Edinburgh, Scotland, wajumbe zaidi ya 1,200, kupanga namna dunia nzima itakavyohubiriwa. Waafrika karibu hawakuwapo kabisa. Yaani tunajadiliwa, wenyewe hatumo! Mpaka hapo rafiki zangu wako sahihi.

Lakini mwaka huohuo, wamisionari Wajerumani wa Betheli walipofika Bukoba kuanza kazi, walikuta tayari kuna Wahaya Waprotestanti wanaosali. Ni vijana waliokwenda Buganda, wakajifunza kusoma huko, wakarudi na vitabu vya Kiganda na kuanza kufundishana. Hakuna Mzungu aliyewatuma. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakaondoka, kanisa likabaki mikononi mwa akina Andereya Kajerero. Halikufa. Sasa niambie, dini ya mgeni inabakije hai mgeni akishafunga mizigo?

Upande wa Wakatoliki, Mapadre Weupe walikuwa wametangulia, Kashozi, mwaka 1892. Rugambwa alizaliwa 1912, akapadrishwa 1943, akawa askofu, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kadinali. Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama hizi. Angalia tarehe vizuri: Tanganyika ilikuwa bado inatawaliwa na gavana kutoka London, na mtu wa Bukoba anapewa haki ya kumchagua Papa! Akapiga kura 1963, na mara mbili mwaka 1978. (Na Kadinali Protase Rugambwa wa sasa, aliyeteuliwa 2023, naye ni wa huko huko Bukoba, kazaliwa Mei 1960, miezi miwili tu baada ya tukio hilo.)

Lakini anayenisisimua zaidi ni Josiah Kibira, Mlutheri. Alizaliwa 1925, Uamsho ulioanzia Rwanda ukamkuta kijana, akasoma Ujerumani na Marekani, na mwaka 1964 akapokea uaskofu kutoka kwa Bengt Sundkler, Mswidi. Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani likafanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, likamchagua Kibira kuwa rais. Hakuna Mwafrika aliyewahi kukikalia kiti hicho kabla yake.

Mkutano huohuo ukatamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika si siasa ambayo Wakristo wanaweza kutofautiana kisha wakanywa chai pamoja. Ni suala la imani yenyewe, na makanisa ya Wazungu kule yaukatae hadharani. Mawili hayakuridhisha. Mwaka 1984, Budapest, Kibira akimaliza muda wake, uanachama wao ukasimamishwa. Mwanafunzi anasahihisha daftari la mwalimu!

Leo hesabu zimepinduka. Kwa takwimu za taasisi ya Pew za mwaka 2020, Afrika kusini mwa Sahara ina karibu asilimia 31 ya Wakristo wote duniani, Ulaya asilimia 22. Rafiki yangu mmoja nilipomtajia akaniambia wingi si hoja, hata wateja wa soda ni wengi. Sawa. Ndiyo maana mimi nimeshikilia wale vijana wa vitabu vya Kiganda na mkutano wa 1977, siyo asilimia.

Wala sisemi wamisionari walikuwa malaika. Lile la bibi bado linaniuma, tena zaidi sasa. Rugambwa na Kibira, wote wawili walikwenda mpaka Roma na Budapest na majina yao ya Kihaya, na hakuna aliyewaambia ni ya kipagani. Pale kaburini nilijaribu kukumbuka jina la bibi. Nilipotoka nikampigia baba simu kumwuliza. Akanyamaza kidogo, akasema ngoja amwulize shangazi.